Raba Haina Eks-Japan

Wasee, leo naongelea kitu ambacho hakiwezi kutrendi hata nikikiwekea muziki: mauntingi za injini. Zile raba zilizoshikana na vyuma, tatu au nne kwa gari ndogo, ambazo zinabeba injini na giaboksi na kuzizuia zisigonge bodi. Msimamo wangu nauweka hapa juu ndio mtu asisome nusu akakimbia kunitukana: kama gari lenu ni la zamani na mauntingi zimeisha, msinunue za eks-Japan. Nunueni mpya. Na si mpya yoyote, hiyo tutafika.

Najua nimegusa dini ya watu. Hapa Eastlands, kutoka Umoja hadi Dandora, neno "eks-Japan" linatajwa vile wengine wanasema "Bwana asifiwe". Ukienda Grogan (ramani inasema Kirinyaga Road, lakini sijawahi kusikia mtu akisema anaenda Kirinyaga Road kutafuta spea), muuzaji atakuwekea mauntingi mbili kwa kaunta. Moja iko kwa boksi, inang'aa, hiyo anaisukuma pembeni kama sahani chafu. Nyingine iko na vumbi na mafuta kidogo, hiyo anaishika kwa mikono miwili. "Hii ndio oriji, madam. Eks-Japan. Hiyo ingine ni ya China, miezi mitatu utanirudia ukilia." Halafu anamwangalia kijana niliyekuja naye ndio athibitishe, na huyo kijana ni binamu yangu wa kidato cha tatu ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kubeba begi.

Enyewe, muuzaji hadanganyi kila kitu. Magari mengi tunayoendesha yalitoka Japani yakiwa yametumika, na magari yanayofia huko yanakatwakatwa, yanajazwa kwa kontena, yanatuletea spea ambazo kiwanda chenyewe kilifunga. Kwa vitu vya chuma, kioo na plastiki sina shida kabisa. Mlango wa eks-Japan ni mlango. Taa ni taa. Chuma kikitoka Nagoya kikiwa sawa, kitafika Mombasa kikiwa sawa. Saidmira nazo mwulizeni muuzaji mara mbili, kwa sababu zingine za eks-Japan ukichunguza vizuri ni eks-Westlands.

Shida ni raba. Raba inazeeka hata ikikaa bila kufanya kazi. Hewa inaila, joto linaikausha, inaanza kuwa ngumu, inapasuka mistari midogo, mwishowe inaachana na chuma ilichogundishwa. Na mauntingi haijakaa tu: imekaa kando ya injini moto, imebeba uzito, imevutwa mbele na nyuma kila gari likiondoka na kila likisimama. Hiyo kazi yote ilishafanywa Japani kabla wewe uiite mpya yako.

Fanyeni hesabu na mimi. Chukua NZE, hiyo Corolla ambayo kila koti ya Buruburu na Donholm haikosi moja imeegeshwa. Umbo hilo lilianza kuuzwa Japani 2000, na 2006 Axio ikachukua nafasi yake. Kwa hivyo mauntingi ya NZE iliyotolewa kwa gari la huko, hata lile la mwisho kabisa kutoka kiwandani, ina raba ya 2006. Labda mwenyewe alikuwa ameibadilisha, inawezekana, lakini nani atakuonyesha risiti? Ukibahatika unanunua kitu chenye umri sawa na kile unachotoa. Ukikosa bahati, unanunua kizee kuliko chako.

Na hii ndio inanichekesha. Gari zima likizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliruhusiwi kuingia Kenya. Raba yake ya miaka 20 iko kwa kaunta, na inauzwa kwa jina la ubora.

(Wenye Probox, hesabu yenu iko tofauti kidogo. Ile ya umbo la kwanza iliendelea kutengenezwa kutoka 2002 hadi 2014, kwa hivyo unaweza kupata iliyotoka kwa gari la juzijuzi. Lakini hapo lazima ujue imetoka kwa gari la mwaka gani, na kaunta haitakuambia.)

NZE ninayoijua mimi ni ya mathe, ya 2004. Anauza mayai: anayatoa upande wa Kiambu, anasambazia maduka ya Umoja, Donholm na Komarock. Mayai hayakuwa yanavunjika, kama ndio mnafikiria. Kilichokuwa kinavunjika ni yeye. Mama wa miaka 54 amekwama jam ya Outering, na kila gari zikisimama lazima atoe gia kwa D aweke N, kwa sababu akiiacha kwa D usukani unatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi. Jam ya dakika arobaini, fikiria ni mara ngapi. Alikuwa anasema gari "inakohoa". Fundi wa kwanza akamwambia hiyo ni kawaida ya gari ya umri. Mimi sentensi hiyo huwa inanikasirisha sana, kwa sababu inaambiwanga watu ambao hawana pesa ya kubisha.

Si kawaida ya umri. Ni hesabu tu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 700 kwa dakika, gari likiwa limesimama, inapasua moto mara 1,400 kwa dakika hiyo hiyo. Hiyo ni karibu mapigo 23 kila sekunde. Mapigo hayo hayaishi. Kinachofanyika ni raba kuyameza kabla yafike kwa bodi. Raba ikiisha, chuma kinaongea na chuma, na kiti chako kinasikia mazungumzo yote. Wamarekani walishalitatua hili zamani sana: Plymouth ilitoka 1931 ikiwa na injini iliyokalishwa kwa raba, mwaka uliofuata Citroën wa Ufaransa wakauza gari zao kwa mfumo huo huo kwa leseni. Karibu miaka mia imepita. Msikubali kuambiwa eti gari kutetemeka ni hali ya maisha.

Na kwa wengine si starehe, ni kazi. Kuna jamaa wa mtaa wetu anaendesha teksi ya app. Gari si lake. Jioni lazima mwenye gari apate pesa yake kabla jamaa ahesabu mafuta na chakula. Abiria hajui mauntingi ni nini. Anajua tu ameketi nyuma na meno yanagongana pale roundabout, na akishuka anabonyeza nyota tatu. Nyota zikishuka, jamaa anaona kabisa hasla yake inakonda. Mwenye gari alimwambia aweke eks-Japan kwa sababu ni ya bei nafuu, na ameshaziweka mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mwenye gari anahesabu bei ya mauntingi peke yake. Hahesabu siku mbili gari lilikaa kwa karakana, kwa sababu hizo siku hazikuwa zake.

Wiki hiyo ya gari la mathe nilizunguka maduka manne nikiulizia ile mauntingi ya upande wa kulia. Bei nilizotajiwa, kabla ya kubargain: eks-Japan ngiri mbili, kopi isiyo na jina ngiri mbili na nusu, mpya ya kampuni inayojulikana kama ngiri tano na nusu, na jenuini ya Toyota ngiri kumi na moja. Najua hiyo namba ya mwisho imefanya wengine wafunge simu. Rudini, hamhitaji nne za ngiri kumi na moja.

Lakini kabla ya kununua hata moja, hakikisheni ni mauntingi kweli. Hii ndio sehemu watu wanaliwa. Gari linaweza kutetemeka kwa sababu ya plagi zilizochoka, koili moja imekufa, au njia ya hewa ya injini imejaa uchafu. Hiyo haiponi kwa mauntingi, hata ukifunga za dhahabu. Njia ya kutofautisha ni rahisi kiasi. Likitetemeka sana kwa D ukiwa umekanyaga breki, halafu ukiweka N linatulia, mauntingi ndio mshukiwa wa kwanza. Likitetemeka vilevile kwa D na N, na injini inasikika kama inaruka mapigo, anzia kwa plagi na koili. Ukitoka R kwenda D na unasikia "gbum" moja nzito chini, rudi kwa mauntingi.

Kisha mfungue boneti. Mtu mmoja akae kwa usukani, akanyage breki ya mguu kabisa na handibreki iwe juu, aweke D akanyage mafuta kidogo sana, halafu R hivyo hivyo. Mwingine asimame pembeni aangalie injini. Pembeni, buda, si mbele ya gari. Mguu ukiteleza kwa breki hakuna mauntingi itakuokoa. Injini kusogea kidogo ni sawa, ndio maana iko kwa raba. Ikiruka kama inataka kutoka nje, umeona mwenyewe, huhitaji kuamini mtu.

Angalieni pia kama kuna mafuta yanavuja kutoka juu, kwa ile gasketi ya kava ya tapeti, yakiteremkia mauntingi. Mafuta ya injini yanalainisha raba mpaka inakuwa kama jojo. Ukifunga mpya na hujaziba hiyo gasketi, umepanda mbegu kwa lami.

Sasa, kuchagua. Mauntingi hazifanani kazi. Kwa Toyota nyingi ndogo za injini iliyolala kwa upana, ile ya kulia, upande wa mikanda, ndiyo inabeba sana, na mara nyingi ndani yake kuna majimaji. Kuna vyumba viwili na kijia chembamba katikati: mtetemo mdogo unamezwa kwa ulaini, na gari likiruka bampu majimaji yanapita kwa shida kwa hicho kijia na kuzuia injini isirukeruke. Ni kama shokabso ndogo. Hiyo ndio kopi za bei ya chini zinakudanganyia, kwa sababu kwa nje umbo ni moja, ndani inaweza kuwa raba tupu iliyojazwa. Gari halitagonga, lakini litatetemeka siku ya kwanza, na utafikiri fundi amekosea kufunga.

Kwa hivyo mimi ningeweka pesa hapo. Ile ya majimaji, nunua jenuini kama unaweza, na kama huwezi nunua ya kampuni ambayo inaandika jina lake kwa raba yenyewe na si kwa boksi tu. Zile zingine ambazo ni raba ya kawaida, za mbele, nyuma na upande wa giaboksi, mpya ya kampuni inayojulikana inatosha kabisa, na zile ambazo hazijapasuka ziache zifanye kazi. Fundi akikuambia ubadilishe zote nne "ndio zizeeke pamoja", muulize kila moja imepasuka wapi, akuonyeshe kwa tochi. Kwa gari la mathe mbili zilikuwa zimekufa, ya kulia na ya nyuma. Tulibadilisha mbili.

Na msinunue kwa kusema "nipe ya NZE". Japani hawatumii ile namba ya herufi 17. Gari lako lina namba ya fremu inayoanza na kodi ya modeli, na kibati chake kwa kawaida utakipata ndani ya boneti. Piga picha. Mwenye duka mzuri anaiingiza kwa katalogi ya spea na inamtolea namba kamili, kwa sababu gari la otomatiki na la manuali, hata kama ni umbo moja, linaweza kuwa na mauntingi tofauti. Kwa Toyota, tarakimu tano za kwanza zinasema kifaa: 12305 ni ya kulia, 12361 ya mbele, 12371 ya nyuma, 12372 ya kushoto. Tano za mwisho zinasema ni ya injini na gari gani. Mtu akikuuzia kwa macho tu, "hii inaingia, nimezifunga nyingi," kumbuka kwamba kuingia na kuwa yake ni vitu viwili. Viatu vya kakangu vinaniingia.

Kwa kaunta usione haya kukagua. Pinda raba kidogo uone kama mistari ya kupasuka inajifungua. Angalia pale raba inakutana na chuma, kama kuna mwanya. Angalia kama kuna alama za majimaji yaliyovuja na kukauka. Kama inang'aa kupita kiasi, pangusa kwa kitambaa cheupe, kwa sababu kuna wajanja wanapaka rangi nyeusi na ile dawa ya kung'arisha tairi. Na kama kitu kilichotumika kinauzwa kwa boksi kama kipya, hiyo si ujanja wa mjini, ni kosa: Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inahesabu hiyo kuwa udanganyifu, na ya bidhaa ghushi iko tangu 2008. Najua hakuna mtu atapeleka mauntingi kortini. Lakini ukiomba risiti iliyoandikwa "mpya" na namba ya kifaa, utaona vile bei na maneno vinabadilika.

Vijana wa Subaru, nimewaona. Zile mauntingi za poliyurethani ni ngumu kuliko raba, zinafanya injini isisogee, gia zinaingia vizuri ukikimbiza gari. Kwa gari la kukimbizwa, sawa. Kwa gari la kubeba mayai na shosho wa kanisa, unalipa zaidi ili utetemeke zaidi. Wale wanaojaza mauntingi ya zamani kwa gundi ya vioo au vipande vya tairi, hiyo naiheshimu kama ya kufika nyumbani. Usiifanye iwe ya mwaka.

Nimebakisha fundi, na hapa nitagombana na watu wa upande wetu. Kila mtu Eastlands anajua fundi akikupeleka duka fulani kuna kitu anaachiwa. Tunamwita mwizi. Lakini mtu huyo analala chini ya gari masaa matatu, anabeba injini kwa jeki, na mwisho tunampa mia tano na kusema "si ulikuwa unafungua tu boliti". Halafu tunashangaa akila kwa spea. Mkono wake hatuulipi, kwa hivyo analipwa na duka, na duka linamlipa zaidi akiuza kile ambacho kinarudi haraka. Eks-Japan ya miezi minne ni biashara nzuri kwa kila mtu isipokuwa wewe. Sisi ndio tuliutengeneza huu mfumo kwa kubargain mahali si pa kubargain.

Kwa gari la mathe tulikubaliana na fundi mbele: spea nanunua mwenyewe kwa namba, na kazi namlipa ngiri mbili. Mathe alinuna siku nzima. Alisema nimeharibu bei ya mtaa. Labda ni kweli, lakini huyo fundi, kwa mara ya kwanza, ndiye aliniambia nisinunue ya giaboksi kwa sababu ilikuwa bado nzima. Hakuwa na sababu tena ya kuniuzia.

Kwa ufungaji simameni hapo, hata kama mnaboeka. Jeki ikae chini ya injini na ubao katikati, si chuma kwa sampu. Mauntingi moja itoke, moja iingie, ndio injini isihame. Boliti zishikwe kwa mkono kwanza, injini ishushwe ikae kwa uzito wake, iwashwe kidogo itulie, izimwe, ndipo zikazwe mwisho. Ukikaza injini ikiwa bado imeinuliwa, raba inakaa imejikunja tangu siku ya kwanza, na hata jenuini ya ngiri kumi na moja itapasuka mapema. Baada ya wiki moja pitia tena karakana, boliti ziguswe na spana. Na hiyo ya zamani uende nayo nyumbani, usimwachie mtu, kwa sababu ikipakwa rangi inaweza kurudi kwa kaunta.